NADHARIA, USHAHIDI NA ULIMWENGU: KISWAHILI MBELE YA ELIMU YA FALAKI
Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kihesa, Iringa

1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba mhadhara ulio katika mfululizo wa taaluma za Kiswahili unazungumzia nyota. Naomba nieleze chanzo chake.

Siku moja, hapa hapa Kihesa, nilikuwa nikifafanua kwa wanafunzi maana ya neno nadharia katika uhakiki wa fasihi. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akaliacha somo la fasihi kando, akauliza: “Mwalimu, shuleni tulifundishwa kwamba ulimwengu ulianza zamani sana na kwamba unatanuka. Lakini tuliambiwa kuwa hiyo ni nadharia. Ikiwa ni nadharia tu, mbona tulitakiwa kuiandika katika mtihani kana kwamba ni kweli?” Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niligundua kwamba sikuwa na jibu lililo tayari. Swali lile lilikuwa la fizikia kwa upande mmoja, na la lugha kwa upande wa pili. Kiini chake kilikuwa katika lile neno dogo: tu.

Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule. Dai langu ni moja: mtu hawezi kuamua kama maelezo ya wanasayansi kuhusu ulimwengu yanastahili kuaminiwa mpaka aone jinsi ushahidi unavyoibeba nadharia, na Kiswahili kina uwezo wa kumwonyesha hilo, ilimradi sisi tunaokitumia tuyatendee haki maneno yake. Nitaanza na maneno yenyewe, kisha nitawaita mashahidi wanne, wawili kati yao kutoka au karibu na Nyanda zetu za Juu Kusini. Baada ya hapo nitaonyesha mahali ambapo wanasayansi wenyewe bado wanabishana, na mwisho nitarudi kwenye wajibu wa wanaisimu na walimu wa lugha.

2.0 Nadharia, nadharia tete na ushahidi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno nadharia huwekwa kinyume cha vitendo. Tunasema kwamba fulani anajua udereva kwa nadharia, tukimaanisha kwamba hajawahi kushika usukani. Kwa matumizi hayo, nadharia ni jambo pungufu. Mazoea haya ndiyo yaliyomfanya mwanafunzi wetu aongeze neno tu.

Hata hivyo, asili ya neno inatueleza jambo jingine. Nadharia imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, na ni ndugu wa neno nadhari, yaani mazingatio. Ushahidi nao umetokana na mzizi wenye maana ya kuwapo na kuona. Shahidi ni yule aliyeona. Hivyo maneno haya mawili hayapingani. Nadharia ni namna ya kuyatazama mambo mengi kwa pamoja. Ushahidi ni yale yaliyoonekana. Nadharia isiyo na ushahidi ni jicho lisilo na cha kutazama, na ushahidi usio na nadharia ni rundo la habari zisizojua kwa nini zimewekwa pamoja.

Aidha, wanaistilahi wetu wametupatia istilahi nyingine ya thamani: nadharia tete. Hii ni kauli inayopendekezwa kabla haijapimwa, yaani bado ni tete na inaweza kuvunjika. Nadharia kamili ni ile iliyokwisha kupimwa mara nyingi, ikatabiri mambo yaliyokuwa hayajaonekana, na mambo hayo yakaonekana. Mwanafunzi aliposema “ni nadharia tu”, kwa hakika alikuwa akifikiria nadharia tete. Maneno yote mawili anayo katika lugha yake. Hakuna aliyemwonyesha tofauti.

Mfano wa karibu ni tukio la tarehe 1 Septemba, 2016. Siku hiyo watu wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua. Mwezi ulipita mbele ya jua na kufunika karibu asilimia 97 ya kipenyo chake, hata ikabaki pete nyembamba inayong’aa. Lugha yetu inasema jua limepatwa, kama mtu aliyekamatwa na jambo lisilotarajiwa. Lakini waliokuja Rujewa walifika kabla ya tukio. Walijua siku, saa na hata eneo ambamo pete ingeonekana kikamilifu, kwa sababu nadharia ya mwendo wa mwezi na dunia ilikuwa imekwisha kuwaambia. Nadharia hiyo ndiyo iliyowapandisha watu kwenye mabasi, wakasafiri, na wakakuta kile walichoahidiwa.

Kupatwa kwa jua kumewahi pia kutumika kuamua kati ya nadharia mbili. Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, iliyosema kwamba nuru ya nyota ikipita kando ya jua itapindwa kidogo, na kwamba kupinda huko kutakuwa mara mbili ya kile kilichokadiriwa kwa kutumia kanuni za Newton. Kwa kawaida mwanga wa jua hutuzuia kuziona nyota zilizo kando yake. Ilibidi kungoja jua lifunikwe. Tarehe 29 Mei, 1919, timu mbili za Waingereza zilipiga picha za nyota wakati wa kupatwa kwa jua, moja huko Sobral nchini Brazil, nyingine ikiongozwa na Arthur Eddington katika kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika. Vipimo vilielekea upande wa Einstein, na vipimo bora zaidi vya miaka iliyofuata vikathibitisha hivyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Einstein alikuwa ametaja kiasi kabla ya kupima. Kama nyota zingeonekana mahali pengine, nadharia yake ingeanguka. Nadharia ya kisayansi ni ile inayokubali kuhojiwa namna hiyo.

3.0 Mashahidi wanne

Katika baraza lolote la usuluhishi, hapana budi kuuliza kama mashahidi walikaa pamoja na kupanga maneno. Mashahidi wakitoka pande mbalimbali, bila kujuana, nao wakasema jambo moja, ushahidi wao huwa na uzito mkubwa. Nawaomba mwasikilize hawa wanne kwa kigezo hicho.

3.1 Kimondo cha Mbozi

Shahidi wa kwanza amelala kwenye kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, magharibi ya mji wa Mbeya. Zamani eneo hilo lilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 limo katika Mkoa mpya wa Songwe. Wenyeji walikijua kimondo hiki kabla wageni hawajakiandika katika kumbukumbu zao mwaka 1930. Kina urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na ni miongoni mwa vimondo vizito vinavyojulikana duniani. Karibu asilimia 90 yake ni chuma. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli.

Mchanganyiko huo una habari. Vimondo vingi vya chuma na nikeli vikikatwa, vikasuguliwa na kupakwa asidi, huonyesha mistari ya fuwele iliyopishana kama ukili uliosukwa. Fuwele za namna hiyo hukua pale tu chuma kinapopoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna kiwanda kinachoweza kuziiga. Hivyo wanasayansi huhitimisha kwamba chuma hicho kilipoa ndani kabisa ya gimba kubwa, chini ya tabaka nene la miamba, na kwamba gimba hilo baadaye lilivunjwa kwa kugongana na mengine.

Je, ni lini? Hapa hutumika saa ya unururifu. Atomi za urani hubadilika polepole na hatimaye kuwa risasi, kwa kasi inayojulikana na isiyobadilika. Anayejua kiasi cha urani na aina za risasi zilizomo anaweza kukokotoa muda uliopita, kama vile mtu anavyoweza kukadiria muda ambao mshumaa umewaka kwa kupima kilichobaki. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alitangaza matokeo ya kupima vimondo kadhaa, kikiwemo kimondo cha chuma cha Canyon Diablo kilichopatikana Arizona. Alipata miaka bilioni 4.55, kwa ukadiriaji wa zaidi au pungufu ya milioni 70. Vipimo vya leo vimebadilisha tarakimu hiyo kwa kiasi kidogo sana. Umri huo ndio umri wa mfumo wetu wa jua, na kwa hiyo ulimwengu wenyewe hauwezi kuwa na umri mdogo kuliko huo. Shahidi wa kwanza ametuwekea mpaka wa chini.

3.2 Nuru ya galaksi

Shahidi wa pili ni nuru. Nuru husafiri takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Ile inayotufikia kutoka kwenye jua iliondoka huko zaidi ya dakika nane zilizopita. Usiku wa anga safi, mwanzoni mwa mwaka, mtu anayetazama upande wa kusini akiwa pembeni ya mji wa Iringa, mbali na taa, huweza kuona doa jeupe linaloitwa Wingu Kubwa la Magellan. Nuru yake ilianza safari miaka 160,000 hivi iliyopita. Kutazama mbali ni kutazama zamani.

Umbali huo ulipimwaje? Mwaka 1912 Mmarekani Henrietta Leavitt alionyesha kwamba nyota fulani zinazobadilika mwangaza hufuata kanuni: kadiri kipindi cha mabadiliko kinavyokuwa kirefu, ndivyo nyota inavyokuwa na mwangaza mkubwa zaidi. Kwa hiyo, kwa kuhesabu siku za mabadiliko, tunajua mwangaza wake halisi. Tukilinganisha na mwangaza unaotufikia, tunapata umbali, kama tunavyokadiria umbali wa taa ya karabai usiku kwa kuwa tunaujua mwanga wake. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alitumia kanuni hiyo na kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu. Leo tunakadiria kuwa iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5.

Jambo la pili ni mwendo. Simama kando ya barabara iendayo Dodoma basi linapopita huku likipiga honi. Linapokaribia, sauti ni nyembamba; likishapita, sauti huwa nzito. Mawimbi ya sauti yamebanwa mbele na kunyoshwa nyuma. Nuru nayo ni wimbi: ikinyoshwa husogea kuelekea rangi nyekundu. Galaksi nyingi zilipochunguzwa, nuru yake ilionekana imesogea kuelekea wekundu. Mwaka 1927 padri wa Kibelgiji Georges Lemaître, akitumia milinganyo ya Einstein, alieleza kwamba hali hiyo inatokana na kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1929 Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyokimbia kwa kasi zaidi.

Hapa pana hatari ya kuelewa vibaya. Mtu anaweza kudhani kwamba sisi tuko katikati na galaksi nyingine zinatukimbia. Fikirieni donge la unga wa mkate lenye zabibu kavu, lililotiwa hamira. Unga unapoumuka, kila zabibu huona nyingine zikisogea mbali, na iliyo mbali zaidi husogea kwa kasi zaidi, ilhali hakuna zabibu iliyo kitovu. Kinachotanuka ni nafasi iliyo kati ya galaksi. Sasa, kama leo unga umeumuka, basi jana donge lilikuwa dogo. Kwa kurudisha hesabu nyuma, tunafikia wakati ambapo maada yote tunayoiona ilikuwa imesongamana na yenye joto kali mno. Vipimo vya leo vinaweka wakati huo takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita. Umri huo unakubaliana na mpaka uliowekwa na vimondo.

3.3 Joto lililobaki

Kutanuka peke yake hakukuwaridhisha wote. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walipendekeza kwamba ulimwengu hutanuka lakini hauna mwanzo, kwani maada mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi zinazoachwa. Ilikuwa nadharia makini, na kwa miaka kadhaa haikuwezekana kuiondoa. Mwaka huo huo wa 1948, Ralph Alpher na Robert Herman walitabiri kwamba kama kweli ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali, basi mabaki ya joto hilo lazima yawepo hadi leo, yakiwa yamepoa hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi.

Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa ya redio. Walipata mvumo usiokwisha, mchana na usiku, kutoka kila upande wa anga. Walidhani antena ina kasoro. Walifukuza hata njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake na kusafisha kinyesi chao. Mvumo ulibaki. Hatimaye ilibainika kwamba walichokuwa wakisikia ndiyo mabaki yaliyotabiriwa: mnururisho wenye joto la nyuzi 2.7 hivi juu ya sifuri halisi, yaani kama nyuzi 270 za Selsiasi chini ya kiwango cha maji kuganda. Uliachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, pale ulipopoa kiasi cha kuruhusu nuru kupita. Nadharia ya Hoyle na wenzake haikuweza kuueleza kwa urahisi, nayo ikaachwa na wanasayansi walio wengi. Haikuachwa kwa kupigiwa kura wala kwa ukubwa wa jina la mtu. Iliachwa kwa kukosa jibu mbele ya shahidi.

3.4 Heliamu

Shahidi wa nne ni gesi. Heliamu iligunduliwa katika nuru ya jua mwaka 1868, kabla ya kutambuliwa hapa duniani mwaka 1895. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Nadharia ya mwanzo wenye joto inasema kwamba katika dakika chache za kwanza ulimwengu wote ulikuwa kama tanuri, na kwamba hesabu za tanuri hilo zinatoa takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida kuwa heliamu na karibu robo tatu kuwa haidrojeni. Tukipima gesi ya kale ambayo haijachafuliwa sana na nyota, tunakuta uwiano huo huo. Nyota peke yake zisingeweza kutengeneza heliamu nyingi kiasi hicho.

Hapa ninapenda kutoa tahadhari inayotuhusu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi katika Bonde la Rukwa, jirani zetu. Mtu angeweza kusema kwa haraka kwamba heliamu ya Rukwa ni mabaki ya mwanzo wa ulimwengu. Sivyo. Heliamu hiyo imetokana na unururifu wa urani na thori ndani ya miamba ya kale, ule ule unaotumika kama saa katika kupima umri wa miamba na vimondo. Gesi ni moja, nasaba ni mbili. Ushahidi haukusanywi kwa kuokota kila kinachofanana na dai letu. Huulizwa kwanza umetoka wapi.

4.0 Mahali ambapo hoja bado ni tete

Ingekuwa udanganyifu kuwaambia kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Nyota zilizo pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyowezekana kwa uzito wa maada tunayoiona. Wanasayansi huhitimisha kwamba pana maada nyingine isiyotoa nuru, wanayoiita maada ya giza. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, kwa kutazama nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali, yalikuta kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Kisababishi wamekiita nishati ya giza. Kwa makadirio ya sasa, maada ya kawaida, yaani nyota, miamba, maji na miili yetu, ni karibu asilimia 5 tu ya vyote. Maada ya giza ni karibu asilimia 27, na nishati ya giza ni karibu asilimia 68. Majina haya mawili hayajaeleza kitu. Ni vibandiko tulivyoweka juu ya mitungi ambayo hatujaifungua.

Aidha, kasi yenyewe ya kutanuka ina mgogoro. Wanaoikokotoa kutokana na mnururisho wa kale hupata kama kilometa 67 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Wengi wanaoipima kwa nyota za Leavitt na nyota zinazolipuka hupata kama 73. Tofauti hii haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote, hata baada ya darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, kurudia baadhi ya vipimo hivyo kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Je, mgogoro huu unaibomoa nadharia nzima? La. Mashahidi wawili wanaweza kutofautiana kuhusu saa ambayo basi lilifika, bila yeyote kukana kwamba basi lilifika. Kwamba ulimwengu ulikuwa na joto na msongamano mkubwa na kwamba umetanuka, hiyo ni nadharia iliyokomaa. Asili ya nishati ya giza ingali katika hali ya nadharia tete. Na swali la kwa nini kuwe na ulimwengu badala ya kutokuwepo chochote, hilo halipimwi kwa darubini. Lina wenyewe, nao ni wanafalsafa na wanadini. Msomi mwaminifu hutaja kila jambo kwa daraja lake.

5.0 Wajibu wa wanaisimu

Sasa narejea nyumbani, kwenye Kiswahili. Wapo wanaodai kwamba lugha yetu haina maneno ya kubebea elimu hii. Nimezungumza hapa kwa muda mrefu, na sikumbuki kama mmoja wenu ameomba mkalimani. Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Wahenga wa pwani nao walikuwa na elimu yao ya anga: jina la kundi la nyota la Kilimia linafungamana na kulima, na methali ya Kilimia hufuata kuzama na kuzuka kwake ili kupambanua majira ya jua na ya mvua. Upungufu wetu ni wa namna nyingine, nao ni aina tatu.

Kwanza, ni uzembe katika kutafsiri. Kiswahili kilirithi kutoka kwa wanafalaki wa Kiarabu majina ya sayari tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hata hivyo, katika baadhi ya orodha zilizosambaa, sayari ya Utaridi imeitwa Zebaki, kwa sababu tu Kiingereza hutumia jina moja kwa sayari hiyo na kwa ile metali ya majimaji. Zohali imeitwa Sarateni, neno ambalo asili yake ni kaa, kundi la nyota. Neptuni imeitwa Kausi, yaani upinde, ambalo nalo ni jina la kundi la nyota. Mtoto anayejifunza orodha hizo amepewa majina yaliyong’olewa mahali pake. Tulikuwa na mali, tukaenda kukopa.

Pili, ni kuchanganya taaluma. Neno unajimu katika masikio ya wengi ni kazi ya kubashiri bahati za watu kwa nyota. Falaki ni elimu ya mwendo na asili ya magimba ya anga. Gazeti likiandika kwamba wanajimu wametabiri kupatwa kwa jua, limemweka mpimaji na mpiga ramli kwenye kiti kimoja, na msomaji hana tena sababu ya kumwamini mmoja kuliko mwingine.

Tatu, ni sitiari zinazopotosha. Jina la Kiingereza la nadharia tuliyoieleza lilitolewa na Hoyle, mpinzani wake, katika matangazo ya redio ya BBC mwaka 1949. Sisi tumelitafsiri kuwa Mlipuko Mkuu. Anayesikia mlipuko huwaza bomu: mahali fulani, kishindo, na vipande vinavyorushwa katika nafasi iliyokuwapo tangu awali. Lakini mmesikia kwamba hapakuwa na kitovu, na kwamba nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka. Napendekeza kwamba walimu waseme nadharia ya mtanuko wa ulimwengu, na kwamba jina la Mlipuko Mkuu, ambalo limekwisha kuenea, litumike pamoja na onyo.

Mambo haya si mapambo ya kisomi. Nchini mwetu mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, hujifunza sayansi kwa Kiingereza. Yale aliyoyaelewa kwa lugha moja hayaungani na yale anayoyakariri kwa nyingine. Anarudi kijijini Ndolezi, au hapa Kihesa, bibi yake anamwuliza habari za kimondo, naye hana la kusema ila kwamba mwalimu alisema hivyo. Elimu ambayo mwenye nayo hawezi kumweleza bibi yake bado haijawa yake.

Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimojawapo cha vyanzo vya miali hiyo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi. Ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wake. Hivyo neno la Kiswahili limo katika historia ya falaki kwa zaidi ya miaka hamsini. Tulitoa jina. Maelezo ya kile Uhuru ilichokiona yaliandikwa kwa lugha za wengine.

6.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, nimejaribu kuonyesha kwamba nadharia ya ulimwengu unaotanuka inasimama juu ya mashahidi ambao hawakupanga maneno: vimondo vilivyotunza umri wake, nuru iliyonyoshwa, mvumo wa joto la kale, na uwiano wa gesi nyepesi. Kila mmoja angeweza kusema kinyume. Hakuna aliyefanya hivyo.

Kwa mwanafunzi aliyeniuliza, kama yumo humu ukumbini, jibu langu lililochelewa ni hili. Ulifundishwa kwa sababu ushahidi ni mwingi, na iliitwa nadharia kwa sababu ingali tayari kuhojiwa. Usiondoe neno nadharia. Ondoa neno tu. Kisha usiniamini mimi. Nenda Ndolezi ukaweke kiganja juu ya kile chuma, umwulize mwalimu wa fizikia namna saa ya urani inavyosomwa, na ukirudi, umweleze mwenzako kwa Kiswahili. Akikuelewa na akakuuliza swali usiloweza kulijibu, hapo ndipo kazi yetu, ya wanasayansi na ya wanaisimu, itakapokuwa imeanza.